Mutoto wa Namba Kumi na Tano

Jumapili, tarehe 6, mwezi wa saba. Kasongo.

Hapana, muzee wangu, apareyi yangu ya foto haijaharibika. Nilifanya makusudi. Leo nimejibu vile mara kumi, heri nijibu mu kaye hii ya kuandikia pia, nipumzike.

Ni juu ya foto ya ndoa ya jana. Bibi harusi anacheza, mikono yake imekuwa kama moshi wa kuni mbichi. Baba yake ananiuliza mikono ya binti yake imeenda wapi. Nikamuambia: “Imeenda ku mukwe, papa. Mahari umeshakula, unatafuta nini tena?” Watu wote wakacheka. Yeye hakucheka. Ile foto hakulipa.

Haizuru. Nimeona kitu. Ku apareyi yangu iko kigurudumu kidogo chenye namba. Miaka minne naishika, sikuwahi kukizungusha, niliogopa itakufa kama redio ya marehemu baba. Sasa nimezungusha. Namba 500, jicho ya apareyi inafunguka na kufunga mbiombio, mutu anaruka na anabaki juu kama shati ku kamba. Namba 15, jicho inakawia kufunga. Kinachotembea kinavutika. Kilichokaa kinabaki. Hakuna mutu alinifundisha. Masomo yangu iliishia mwaka wa tano wa primere, na ule wa tano nao nilikuwa nyuma ya darasa nikicheza.

Jumanne, tarehe 8.

Amisi motari, rafiki yangu, amepita mbele yangu mara ishirini na pikipiki yake. Malipo: foto moja, yeye na miwani ya jua, miwani ni yangu.

Niandike nisisahau. Saa sita, namba 15 inaleta nyeupe tu, kama unga wa muhogo juu ya mukeka. Jua inaingia nyingi. Asubuhi mapema inakubali. Saa kumi na moja jioni inakubali. Na apareyi isishikwe na mukono, mukono unatetemeka. Iwekwe juu ya gunia.

Giza ilipoanza Amisi aliwasha taa. Ile foto, Amisi hayumo. Pikipiki haimo. Iko kamba moja ya mwangaza, toka musikiti mpaka kona. Amisi akakasirika, akaniita kwa jina langu la kazi: “Flash, umeniua!” Nikamuambia nimemusaidia, wenye vizuizi vya njiani hawatamuona tena. Akataka nimupige vile kila siku.

Siku nzuri. Niko na furaha ya bure.

Jumamosi, tarehe 12. Wamaza.

Nimefika nyuma ya Amisi ku pikipiki. Siku nzima njiani. Matako yangu haiko yangu tena.

Siku ya soko. Foto thelathini za kawaida. Watu wamesimama kama nguzo, mikono chini, hakuna kucheka. Hizo ndizo zinanilisha.

Jioni nikafanya zangu. Apareyi juu ya gunia ya karanga, namba 15. Mutoto mwanamuke akapita mbio, amevaa robe ya manjano, anasukuma jante ya kinga, duara tupu ya gurudumu ya baiskeli, na kafimbo. Vumbi ikaingia mu karanga. Mwenye karanga akamulalamikia: “We Kisirani, utanilipa!” Mimi nikafinya.

Foto nzuri kupita zote. Wauzaji wako wazi, hata karanga unaweza kuhesabu. Yeye peke yake ni upepo. Manjano imevutika kama kiini cha yai ku sahani. Sura hakuna. Muguu moja tu iko chini, vidole vitano wazi. Sikuuliza jina. Alishaenda.

Jumapili, tarehe 10, mwezi wa nane. Kasongo.

Watu wanaingia toka upande wa Wamaza. Jumanne iliyopita wenye bunduki waliingia mu vijiji vya kule. Watu wanabeba godoro, kuku, mugonjwa juu ya kinga. Wengine hawabebi kitu. Wamejaa mu madarasa ya shule, juu ni vakansi, wanafunzi hawako.

Nilijaribu muzaha moja. Haikutoka.

Jumanne, tarehe 12.

Kazi nyingi. Foto ndogo za karatasi, wakimbizi wanaandikwa. Nimekula samaki siku tatu mfululizo. Ni vita inanilisha ile samaki. Najua.

Nimetundika ubao mbele ya meza yangu, na foto zangu nzuri, watu wasimame. Ya mutoto wa jante iko katikati, kubwa, wauzaji nimewakata, amebaki yeye na vumbi.

Alhamisi, tarehe 14.

Mwanamuke alisimama mbele ya ubao. Mutoto mudogo mugongoni. Alikawia sana, nikafikiri ni muteja. Nikamuita: “Karibu Mama, huku hata mutu mubaya anatoka mazuri.” Hakunisikia. Akaweka kidole juu ya mutoto wa jante.

“Ni Riziki wangu.”

Anaitwa Mama Mwamini. Kijiji chao ni saa moja kwa muguu toka Wamaza. Masasi ya bunduki ilipoanza alinyakua mudogo, Riziki alikuwa nyuma yake. Alipogeuka, hayuko. Miaka nane. Alivaa robe ya manjano. Hawakuwahi kumupiga foto hata moja, maisha yake yote.

Akaniuliza: “Ulimuona wapi?”

Jibu lilikuwa rahisi. Ku soko, Mama, mwezi uliopita, vita haijaanza. Lakini alikuwa ananiangalia vile mwenye njaa anaangalia sahani ya mwingine. Na mimi kazi yangu miaka yote ni kumuambia mutu neno la kumupendeza. Umenenepa. Umetoka kama bibi ya ministre. Nikasema: “Njiani, Mama. Alikuwa anakimbia pamoja na watu. Alikuwa muzima, haki ya Mungu.”

Akakaa chini mu vumbi. Akacheka. Kweli, kicheko, na machozi ikishuka. Nikabandua foto, nikamupa bure.

Nimerudi ku nyumba nikijiona mutu muzuri.

Jumapili, tarehe 17.

Nilitoa kopi ingine ya ile foto, nikaiweka tena ku ubao. Leo mama mwingine akasema ni binti yake, Zawadi. Alilia palepale. Saa tisa muzee moja na fimbo akasema ni mujukuu wake, na haiko mwanamuke, ni kijana, alikuwa amefunga kitambaa cha kikwembe cha manjano.

Amisi: “Flash, mutoto wako iko na mama wawili na babu. Wewe ni nani, mukunga?”

Nilicheka. Halafu nikakuza foto mu apareyi mpaka mwisho. Nikatafuta jicho. Pua. Hakuna. Moshi. Pale sura haiko, kila mutu anaweka ile anayotafuta.

Donc, basi, sijui ni nani. Na nilimuapia Mama Mwamini.

Jumatano, tarehe 20.

Wameniita. Uwanja wa shule, wanaume kumi juu ya mabenchi. Mukubwa wao ni muzee Lubunga, kaka ya mume wa Mama Mwamini. Mume mwenyewe amerudi toka Kabambare, alienda kutafuta mutoto kwa wale waliokimbilia upande ule. Hakuna kitu. Viatu vyake vimekwisha. Hasemi.

Muzee Lubunga anataka matanga. Jirani moja aliona Riziki ameanguka karibu na kijito siku ileile, hakuamuka. Muzee anasema mutoto hawezi kukaa bila kuliliwa, si mbuzi.

Mama Mwamini akainua foto: “Mutu ameanguka, anakimbia namna gani?”

Muzee akanigeukia. “Wewe kijana wa mafoto. Uliona kwa macho yako?”

Kila mutu ananiangalia. Mume naye akainua kichwa.

Nikasema: “Ndiyo, Baba. Niliona.”

Mara ya kwanza nilidanganya nimupendeze. Leo nilidanganya juu ya woga. Matanga hakuna, kila mutu akarudi mu darasa lake. Mama Mwamini akanipa ndizi mbili. Nimezila. Zilikuwa tamu, na mimi ni mutu bure.

Ijumaa, tarehe 22.

Saa nne. Mwanaume anasukuma kinga, binti yake nyuma anasukuma jante. Walikuwa mu pori wiki mbili, wamefika jana. Mutoto akasimama mbele ya ubao, akaanza kucheka mpaka akashika tumbo.

“Papa, ni mimi! Tazama jante yangu! Ni ile siku yule wa karanga aliniita Kisirani!”

Robe ya manjano. Chafu, imepasuka ku bega. Ni ileile.

Anaitwa Sifa. Baba yake ni Papa Saleh, alikuwa anauza chumvi ku Wamaza. Akaangalia foto, akaangalia binti, akakunja uso: “Huyu ni mutoto wangu ao ni moshi? Nipigie moja yenye sura, bwana.” Nikazungusha namba 500, nikamupiga Sifa anaruka. Meno yote nje, hata pengo la mbele unaona. Papa Saleh akafurahi sana. Ile ya moshi hakuitaka hata bure.

Walipoenda nilishusha foto ku ubao. Sikupiga mutu mwingine leo.

Sifa iko muzima. Ilifaa nifurahi. Sikufurahi. Ile ndiyo aibu ninaandika hapa, juu hakuna mahali pengine pa kuiweka.

Jumatatu, tarehe 25.

Mama Mwamini alikuja. Anarudi kule. Alhamisi asubuhi, kwa muguu, yeye peke yake, mutoto mudogo atabaki na shemeji. Mume alimukataza, bure. Anataka nimuambie mahali: kilima gani, kijito gani, Riziki alikuwa anaelekea mukono gani. Alisema nikimuambia vizuri atafuata ile njia tu, hatapotea.

Nikasema sikumbuki.

“Utakumbuka, mwanangu. Iko siku tatu.”

Nilimuuliza Amisi juu ya njia. Anasema motari wote wamekataa kupita, hata kwa bei mara mbili. Jumamosi wawili walienda, pikipiki moja imeonekana, wenyewe hapana.

Niko naogopa. Si muzaha.

Jumanne, tarehe 26.

Nimemuambia yote. Soko. Mwezi wa saba. Namba 15. Nilidanganya, Mama, mara mbili, ya pili mbele ya wazee. Mutoto wa foto ni wa mutu mwingine, iko hapa Kasongo, muzima, anaitwa Sifa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akaweka mutwangio chini.

“Lubunga amekulipa ngapi?”

Nikaapa. Akasema: “Ile siku uliapa pia.” Nikasema nilidanganya ile siku. Akasema: “Na leo ni nani anaongea, kaka yako?”

Iko na haki. Hata mimi nisingeniamini. Mutu wa kufurahisha watu, siku anasema kweli hakuna anayemutambua.

Nikamuambia nitamuleta yule mutoto. Akashika tena mutwangio. “Mulete. Alhamisi mimi naenda.”

Jumatano, tarehe 27.

Nilienda kwa Papa Saleh. Nikamuambia nataka kupima apareyi, Sifa akimbie kidogo mbele yangu na jante, nitamupa foto ingine ya bure. Akakubali, akanipa binti bila kuuliza. Watu wananiamini vibaya.

Mama Mwamini alituona tunakuja. Alimuangalia Sifa toka kichwa mpaka chini, bila hasira. Akatoa foto mu kikwembe chake.

“Robe za manjano ziko nyingi ku soko. Huyu si yule.”

Na ilikuwa kweli. Huyu alikuwa na sura.

Basi nikafanya kazi yangu, ndiyo kitu moja najua. Saa kumi na moja jioni. Gunia. Apareyi juu yake. Namba 15. Nikamuambia Sifa asimame. Nikapiga. Nikamuonyesha Mama Mwamini mu kioo kidogo cha apareyi: mutoto, pua, macho, pengo. Nikamuambia Sifa akimbie. Nikapiga palepale, bila kugusa kitu. Nikamuonyesha: moshi. Manjano imevutika. Muguu moja chini, vidole vitano.

Akaweka foto yake kando ya kioo.

“Akimbie tena.”

Sifa akakimbia. Moshi. Akakimbia tena. Moshi. Mara ya nne, kiwiko cha kushoto kimetoka nje vilevile, na kafimbo vilevile. Mara ya tano Mama Mwamini hakuangalia kioo, alimuangalia mutoto mwenyewe vile anakimbia. Mara ya sita Sifa akachoka, akakaa juu ya jante yake, akaniuliza kama bado.

Nikasema imekwisha.

Mama Mwamini akamuita. Akafunga fundo ku bega, pale robe imepasuka, polepole, akavuta aone kama imeshika. Akamuambia: “Rudi kwa baba yako, usipite mbali.” Mutoto akaenda, jante ikilia ku mawe.

Tukabaki wawili.

Akasema: “Basi Riziki hakukimbia.”

Hakulia. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Nilisema nisamehe, Mama. Alikuwa anaangalia foto, sijui kama alisikia.

Alhamisi, tarehe 28.

Hakuenda.

Nilipita asubuhi mapema nihakikishe. Alikuwa amekaa mbele ya darasa, mutoto mudogo mapajani. Alishafunga mufuko wa safari tangu juzi. Ulikuwa kando yake, umefungwa bado.

Ijumaa, tarehe 29.

Muzee Lubunga aliniita kando. Nikafikiri ni fimbo. Hapana. Alisema muke wa mudogo wake amekuja mwenyewe kusema tulie mutoto. Hakueleza. Muzee anafikiri ni Mungu amemugusa moyo. Akanishukuru, juu nilikuwa karibu na familia.

Sikusahihisha.

Jumapili, tarehe 31.

Matanga. Wamefagia uwanja wa shule, wameleta mabenchi toka madarasa. Wanawake wa kijiji chao, wale waliofika, wamekaa chini juu ya mukeka. Wanaimba kwa Kibangubangu, sauti chini. Hakuna mwili. Hakuna kaburi. Mbele yao iko kameza, meza ndogo, kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa ile foto.

Mama Mwamini alinituma mutu jana. Aliomba niiache. “Sina ingine.” Ni vile tu.

Donc iko pale. Watu wanaingia, wanasimama mbele yake, wanaangalia ule moshi wa manjano. Muzee Lubunga alisema alifanana na mama yake. Jirani akasema hapana, miguu ni ya baba. Mume alisogea karibu sana, akaweka kidole juu ya ule muguu wa chini, akakiacha pale. Ni mara ya kwanza nasikia sauti yake. Aliita jina la mutoto, mara moja.

Wote wanamuona Riziki. Mimi na Mama Mwamini peke yetu tunajua. Aliniangalia mara moja tu, mbele ya watu wote. Halafu akaangalia foto, na akalia vile mutu analia mutoto wake.

Apareyi niliiacha ku nyumba.

Papa Saleh anakaa darasa la mwisho, hatua mia toka pale. Hajui kama binti yake muzima analiliwa. Akijua atasema nimemuzika mutoto wake na macho wazi. Na atakuwa na haki. Atakuja kuichukua foto juu ya kitambaa, na ile kameza itabaki tupu, na wale watu watalilia kitambaa.

Kwa hiyo wewe. Wewe uliyeokota hii kaye, ao uliyeiiba, sijali. Unajua kusoma, na sasa unajua yote. Tufanye mapatano, mimi na wewe. Kuja ku meza yangu saa yoyote ya muchana, na watoto wako wote, hata wakiwa kumi. Nitawasimamisha moja moja, nitawapiga sura wazi, kila mutu na yake, karatasi na wino juu yangu, na nyuma ya kila foto nitaandika jina na siku, kweli tupu. Utaondoka nazo bila kutoa kitu.

Na wewe, ku upande wako, unyamaze. Papa Saleh abaki na mutoto wake mwenye pengo. Mama Mwamini abaki na wake.

Umekubali?